Inchi Tano na Nusu

Salmon, Idaho
8 Februari 2026

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kabla ya lolote, nisamehe. Tangu tumzike mwanao Dalton ni miezi mitatu, na sijakuandikia hata mstari mmoja. Najua simu huisikii, najua unategemea sanduku la posta, na najua kila ukilifungua unakuta vitabu vya bei za mbegu. Barua hii nimeianza mara nne. Moja Wren aliitapikia maziwa. Tatu nilizichana mwenyewe.

Hujambo lakini? Bega linasemaje na baridi hii? Unakula? Usinijibu "nakula", niambie unakula nini.

Sisi tu wazima. Wren ameota meno mawili ya chini na anayajaribu kwangu. Josie ametimiza miaka minne, anauliza kila siku kama babu amekatazwa kuvuka mlima. Nimemwambia theluji ndiyo imekataza. Kazini bado nafua mashuka ya nyumba ya wazee, na barua hii naiandikia humo, kwenye saa ya chakula, mashine zikizunguka. Ukiona mwandiko unatetemeka ujue ni meza.

Sasa nifike kwenye jambo. Dalton hakuacha wosia, kwa hiyo mahakama imeniweka mimi kuwa msimamizi wa mirathi. Wakili wangu, Bi Ostrander, ameniambia niandike kila kitu alichokiacha, kisha nile kiapo kwamba orodha ni kamili. Wiki iliyopita nilifungua kabati la bunduki. Bunduki za kuwindia zote zipo. Sailensa yake ya kuzima mlio ipo, imefungwa kwenye soksi. Bahasha ya karatasi za serikali ipo. Lakini ile bunduki fupi aliyoitengeneza mwenyewe, yenye mtutu wa inchi kumi na nusu, haipo.

Baba, ni wewe uliyeichukua?

Sina hasira. Nataka kujua tu. Katika bunduki zile nyingine ungechukua yoyote nisingekuandikia hata neno, lakini ile imo kwenye daftari la serikali kwa jina la Dalton. Yeye akishakufa, anayeruhusiwa kukaa nayo mpaka mirathi iishe ni mimi peke yangu. Mtu mwingine akikutwa nayo ni kosa la jela, na kuivusha kutoka Idaho kwenda Montana bila ruhusa ni kosa jingine. Mimi sina baba mwingine aliye hai, na wanangu hawana babu mwingine. Nijibu upesi.

Josie anakusalimu. Hapo chini ni mkono wake, aliuchora kwa kuuzungushia kalamu.

Mkamwana wako,
Shayla

*

Darby, Montana
19 Februari 2026

Mama Josie,

Marahaba mwanangu. Barua imefika, na mkono wa Josie nimeubandika kwenye mlango wa friji. Mwambie babu hajakatazwa na mtu yeyote kuvuka mlima wowote.

Mimi mzima. Nakula maharage, nyama ya elki, na Jumamosi nakula staftahisi kwenye ukumbi wa chama cha walenga shabaha, skonzi na mchuzi wa soseji, mzito hata kijiko kinasimama. Umeridhika? Bega linauma kama kawaida yake. Tangu waniwekee chuma kile siwezi kubeba kitu kizito mbele ya kifua. Kuni nazivuta kwa sleji juu ya theluji.

Ndiyo, ninayo. Siku ya mazishi nilipoingia kuchukua blanketi la mama yake Dalton, Mungu amrehemu, kabati lilikuwa wazi. Nikaiona. Nikaikunja ndani ya blanketi nikaondoka nayo. Sikuiba. Mzazi haibi kwa mwanawe.

Na hizo habari za jela mwambie Bi Ostrander amechelewa. Tangu mwaka mpya ule ushuru wa dola mia mbili umefutwa. Sifuri. Sailensa sifuri, bunduki fupi sifuri. Nimesikia ukumbini, na ukumbini nasikia kwa sababu wanapiga kelele. Basi hata kama Novemba ilikuwa kosa, leo si kosa. Sifuri ni sifuri.

Ngoja nikuchekeshe kidogo, maana najua huko hucheki. Jumamosi iliyopita mwenyekiti wetu Norris alipanga makopo matano ya kahawa juu ya meza, akaandika kwenye kila moja. Kila mwanachama akapewa ganda moja la risasi iliyokwisha kupigwa. Swali: serikali ikikubali kuachia kitu kimoja tu katika vile inavyovibana, kiwe kipi? Ndivyo tunavyopiga kura siku zote, ganda kwenye kopo, mlio unausikia. Wenye masikio wanausikia.

Sailensa ilipata ishirini na saba. Bunduki fupi kumi na mbili. Rashasha nane, hao ni vijana, sisi tuliobeba rashasha jeshini hatuna hamu nazo. Shotigani zilizokatwa nne. Na kopo la mizinga na mabomu lilipata ganda moja.

Norris akasimama. "Nani huyo? Skaar, ni wewe?"

"Ni mimi," akasema Mzee Skaar. "Fuko wamenimalizia bustani."

Walinigeukia mimi, nilikuwa bado sijapiga. Norris akanijia sikioni: "Verlin, weka kwenye sailensa! Ungekuwa nayo miaka arobaini iliyopita, leo tusingekupigia makelele hivi!"

"Unasemaje?"

"NASEMA SAILENSA!"

"Ahsante, kahawa imenitosha."

Nilimsikia vizuri tu. Nikaweka ganda langu kwenye kopo la bunduki fupi, likawa la kumi na mbili. Wewe nieleze, mwanangu, wewe umesoma kunizidi. Mtutu wa inchi kumi na sita, wewe ni raia mwema. Ukatwe uwe kumi na nusu bila karatasi, wewe ni mhalifu. Inchi tano na nusu za chuma ambacho hata hakipo! Bastola fupi kuliko hiyo unaingia nayo dukani kununua mkate.

Sijaipiga hata risasi moja. Imesimama chumbani kwa Dalton, penye kitanda chake cha utotoni. Haimdhuru mtu. Iache. Mwandikie Bi Ostrander kwamba haikuonekana. Damu ni nzito kuliko karatasi.

Baba mkwe wako,
Verlin

*

Salmon, Idaho
3 Machi 2026

Baba,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia unakula, na nimecheka kwa Mzee Skaar, mara ya kwanza tangu Novemba. Wenzangu kazini wakageuka kunitazama. Sisi wazima. Wren alikuwa na homa siku mbili, imepita.

Sasa nisikilize, na hii nimeiandika kwa herufi kubwa ili usiseme hukuona. SIFURI NI BEI TU. Daftari lipo. Fomu ipo, picha ipo, alama za vidole zipo, kusubiri kupo. Wamefuta malipo, hawajafuta sheria. Nimemuuliza Bi Ostrander mara mbili, akanisomea na kifungu chenyewe. Mzee Skaar mwenyewe analipia leseni ya kuvua samaki bei ya wazee, karibu na bure. Hiyo haimaanishi anavua bila leseni. Anayo kwenye kofia, nimeiona. Na hiyo kura yenu ya makopo ni kura ya mnachotamani. Ukitamani mvua iache, usivue koti kabla haijaacha.

Usidhani mimi ni mtu wa serikali. Mngenipa ganda, ningeliweka kwenye sailensa bila kufikiri. Dalton aliinunua kwa sababu yako. Aliniambia alikuwa na miaka kumi hivi alipogundua kwamba akikuita kutoka nyuma hugeuki, na alifikiri umemkasirikia. Mwaka mzima alifikiri hivyo. Alipozaliwa Josie akasema mtoto wake hatakuwa na baba wa namna hiyo, wala yeye hatakuwa na mtoto wa namna hiyo. Akajaza fomu, akapiga picha kwenye ukuta wa jikoni, akapaka vidole wino na kuuacha kwenye taulo langu jeupe, akasubiri miezi minane. Miezi minane, Baba, kwa bomba la chuma linalopunguza kelele. Niliona ni upuuzi. Bado naona ni upuuzi. Lakini alisubiri.

Kuhusu kuandika kwamba haikuonekana: siwezi. Na hapa lazima nikuambie kitu ambacho ndicho kilinifanya nichane zile barua tatu. Mimi nilijua. Siku ile ya mazishi, ulipokuja mlangoni na blanketi mikononi, nilikukumbatia, na nikahisi chuma ndani yake. Nilijua ni nini. Ulikuwa unalia, sijawahi kukuona unalia, nikakushikia mlango wa pikapu ukaondoka. Nikajiambia nitalishughulikia baadaye. Kwa hiyo nikiapa kwamba haikuonekana nitakuwa nimesema uongo mbele ya hakimu, na uongo huo utakuwa wangu mimi, si wako. Siku watakayougundua, wanangu watakuwa wamempoteza baba msituni na mama mahakamani. Silifanyi hilo. Hata kwa ajili yako silifanyi.

Kiapo changu ni tarehe 20 Aprili. Siku hiyo nitaandika ilipo. Nisingependa niandike kwamba ilikutwa kwako. Nataka niandike kwamba imerudi.

Kuna jambo la pili. Nimekuwekea nakala ya fomu ya bunduki ile, ile aliyoijaza Dalton kabla hajaukata mtutu, majira ya kuchipua ya mwaka 2024. Sikuwa nimewahi kuisoma mpaka nilipofungua bahasha kwa ajili ya orodha. Kuna mahali wanauliza sababu ya kuitengeneza. Bi Ostrander anasema katika miaka yake yote ameona watu wakiandika maneno yale yale, "matumizi yote halali," kwa sababu mafundi wamewafundisha hivyo. Tazama Dalton aliandika nini. Tumia kioo chako cha kukuzia.

Mkamwana wako,
Shayla

*

Salmon, Idaho
27 Machi 2026

Baba,

Shikamoo. Ni siku ishirini na nne. Najua maporomoko ya theluji yalifunga njia ya mlimani siku tatu, nikazihesabia posta. Hizo nyingine ni zako.

Nimempigia Norris, yule wa makopo, namba iko kwenye tangazo la chama chenu. Sikumwambia lolote, niliuliza tu kama u mzima. Akasema, "Yupo mama, lakini Jumamosi mbili hajaja kula. Tulidhani amepata wengine wenye mchuzi mzuri zaidi." Kwa hiyo najua u hai. Najua pia huli.

Kama nilikuumiza kwa nakala ile, nimeumia pia kuituma. Lakini tarehe haisogei kwa sababu tunaumia. Bi Ostrander ameongea na ofisi inayohusika. Wamekubali kwa maandishi kwamba mimi na yeye tuje kwako, niipokee kwa mkono wangu kama msimamizi, niirudishe huku. Siku waliyoandika ni Jumamosi tarehe 11 Aprili. Wewe usiiguse, usiipakie, usijaribu kuileta. Hasa usiivushe mlima tena.

Tutakuja, Baba. Tukikuta mlango umefungwa tutageuza, na tarehe 20 nitaandika kweli.

Josie anasema nikuulize kama ule mkono wake bado upo kwenye friji.

Mkamwana wako,
Shayla

*

Darby, Montana
2 Aprili 2026

Shayla, mwanangu,

Mkono upo.

Marahaba. Mimi si mgonjwa. Barua hii nimeianza mara nyingi kuliko zako nne, na sikuwa na mtoto wa kuitapikia.

Lazima nikuambie jambo ambalo Dalton labda alikuambia nusu. Sikukuu ya Shukrani ya mwaka 2024, mlipokuja hapa, wewe ulikuwa jikoni. Mimi na yeye tulikuwa bandani. Akaniambia ametengeneza bunduki, nzuri, nyepesi. Nikamwambia basi ilete tuione. Akasema hakuja nayo, kwa sababu kuivusha mpaka wa jimbo lazima aombe ruhusa, na ruhusa bado haijafika.

Nikacheka. Nikasema, "Ruhusa ya kuvuka mlima? Babu yako aliuvuka na nyumbu na familia nzima. Hakuna Hoagland aliyewahi kuomba ruhusa ya kuvuka mlima ule."

Akasema, "Baba, ni karatasi tu, inafika wiki mbili tatu."

Nikasema, "Nilidhani nimelea mwanamume."

Akasema kitu, akageukia ukuta akisema, sikusikia. Sikumwambia arudie. Mkaondoka kesho yake asubuhi. Hakunipigia, nami sikumwandikia. Karibu mwaka mzima. Kisha ukaja ule mti uliomwangukia msituni.

Kwa hiyo siku ya mazishi nilipoliona kabati wazi, niliichukua kwa sababu ndicho kitu alichotaka kunionyesha. Ndivyo nilivyojiambia. Halafu mambo ya sifuri yakaja, nikayashika kama mshtakiwa anavyoshika jina la shahidi. Sikuwa mjinga, mwanangu. Nilijua sifuri haitoshi. Nilitaka tu itoshe.

Sasa fomu. Nimeisoma kwa kioo. Picha yake imetoka kama ya mtu aliyekamatwa, na nyuma yake naona kalenda yako ya jikoni. Sababu ya kutengeneza, ameandika kwa mkono wake:

"Baba yangu ana bega bovu. Bunduki ndefu ni nzito mbele, inamshinda. Nataka tuwinde tena pamoja."

Nimekaa na maneno hayo Jumamosi mbili. Chakula cha kule ukumbini hakikupita.

Kuna kitu kingine labda hukijui. Ubavuni mwa bunduki, juu kidogo ya kifyatulio, amechonga kwa maandishi madogo: D. HOAGLAND SALMON ID. Nilidhani ni maringo ya fundi. Jumanne nilimuuliza Norris. Akaniandikia kwenye kikaratasi ili nisiseme sikusikia: anayetengeneza bunduki fupi lazima achonge jina lake na mji wake, ni sheria. Tangu Novemba kila asubuhi napitisha gumba langu juu ya jina hilo. Ile sheria niliyomchekea ndiyo iliyomlazimisha anichongee. Kama angenisikiliza mimi, chuma kingekuwa kitupu.

Bado naiona ni sheria ya kipumbavu. Ukiniuliza kesho nitaweka ganda langu kopo lile lile. Lakini Dalton aliipita mlangoni na mimi niliipita dirishani, na aliyekufa akiwa msafi ni yeye. Sitamchafulia mkewe.

Njooni hiyo tarehe 11. Mlango utakuwa wazi. Mwambie Bi Ostrander asije na viatu vya mjini, ua ni tope. Nitapika.

Baba yako,
Verlin

*

Salmon, Idaho
9 Mei 2026

Baba,

Shikamoo. Nisamehe tena, safari hii ni wiki nne. Josie na Wren walipokezana mafua, na mmoja wa wazee kazini aliaga dunia, mashuka yakawa mengi.

Umeshindaje? Ile nyama uliyotufungia imetutosha wiki nzima. Bi Ostrander bado anaizungumzia, anazungumzia na tope pia.

Siku ile njiani kurudi Bi Ostrander ndiye aliyeendesha. Bunduki ilikuwa kiti cha nyuma ndani ya sanduku lenye kufuli, na karatasi ya ruhusa nimeishika mkononi mlima mzima kama mtu aliyebeba yai. Kule juu, penye kibao cha mpaka wa majimbo, Bi Ostrander alisimamisha gari, akasema anataka kunyoosha miguu. Akanyoosha miguu muda mrefu sana. Nililia mpaka nikamaliza, ndipo akarudi.

Ulipoipitisha kwenye mikono yangu, ukasema kwa sauti kana kwamba kiziwi ni mimi, "Nairudisha kwa mke wa mwenyewe," nimeyaandika maneno hayo. Tarehe 20 nilisimama mbele ya hakimu nikaapa, na kila nilichoapa kilikuwa kweli. Niliandika pia kwamba siku ya mazishi nilijua. Hakimu aliniangalia juu ya miwani, akauliza, "Una watoto wangapi?" Nikasema wawili. Akaandika kitu, akaniambia nikakae.

Sitakuficha, ofisi haijafunga jalada. Wametuma barua ya onyo, kwa jina lako na kwa jina langu. Bi Ostrander anadhani itaishia hapo kwa kuwa tulikwenda wenyewe kabla hatujaitwa, lakini "anadhani" ni neno lake, si ahadi. Ukiona gari usilolijua uani kwako, usitoke na kitu mkononi, na usijifanye husikii. Mwambie mtu huyo asubiri, umwite Norris.

Sasa bunduki. Imo kabatini na ufunguo ninao mimi. Kisheria ni yangu na ya watoto. Nimeifikiria sana. Mimi siitaki, inanitosha sailensa, na hiyo nayo ni kwa ajili ya masikio ya wanangu. Hawa wadogo wakikua wakaitaka, itakuwa imekwisha kuliwa na kutu. Na kile kisanduku cha sababu kimeeleza kilivyoeleza. Ni yako. Lakini itakuja kwako kwa mlango, Baba, kama alivyotaka kuileta yeye. Kwa fomu, kwa picha, kwa vidole, kupitia duka lenye leseni huko kwenu, na kwa kusubiri hata ikiwa mwaka. Hakuna njia ya mkato na mimi sitakutafutia. Ukikataa itabaki hapa, nami sitakulaumu. Ukikubali, utakuwa Hoagland wa pili kuomba ruhusa ya kuvuka mlima ule.

Nilivyokwisha kupata kutoka kwako ni nakala ya leseni ya gari na sahihi ya kwanza. Ninavyohitaji bado unitumie ni hivi:

Picha mbili, ndogo, za namna ya pasipoti, bila kofia. Nasema bila kofia kwa sababu nakujua.

Kadi mbili za alama za vidole. Nenda kwa sherifu wenu mchana, siku ya kazi, atakuchukulia. Kile kidole cha shahada ulichokatwa na msumeno kiwandani, hakikisha askari ameandika "hakipo" kwenye nafasi yake. Akiiacha wazi wanairudisha kadi yote.

Barua yako ya kueleza ulivyoichukua na ulivyoirudisha, iwe ya mkono wako, ukurasa mmoja. Usimtaje Norris. Usieleze maoni yako juu ya sheria.

Sahihi yako ya pili, kwa wino mweusi, kwenye mstari niliouwekea alama ya msalaba kwa penseli.

Sababu ya kuitaka, kwenye karatasi tofauti. Fomu hii haiulizi, naihitaji mimi, niiweke kwenye bahasha pamoja na ya Dalton.

Na jina lako la kati kwa ukamilifu. Dalton siku zote aliliandika E peke yake, na nimekuwa mke wa mwanao miaka sita bila kujua ni nini. Herufi moja hawaikubali, na linaandikwa kwenye kisanduku kinachofuata jina la Dalton.

Mwanao,
Shayla